Miaka 500 na bado ananuna
Eti mwandishi wa makala anashangaa Onyx Storm, riwaya ya mapenzi na mazimwi ya Rebecca Yarros, kuuza nakala milioni 2.7 wiki ya kwanza, Januari 2025. Mimi sishangai. Vitabu viwili vya mwanzo vya mfululizo huo nilivimaliza usiku, simu chini ya shuka. Raha ya riwaya hizi ni maadui wanaozungushana hadi wapendane: kurasa mia mbili hata mkono hawajashikana, halafu mmoja anamfunga mwenzake kidonda kidoleni, moyo wa msomaji unadunda. Kinachoniudhi ni yule mwanamfalme wa miaka 500, amejaa tele kwenye riwaya za aina hii, anayenuna kama mtoto wa kidato cha pili. Miaka yote hiyo hajajifunza kuomba radhi? Jini mahaba wetu angalau akikasirika, nyumba nzima inajua.