RhoA: Breki ya Neva au Nguzo ya Ubongo?

Ukiiangalia kwa hadubini ncha ya neva changa, utaona kitu kama kiganja. Vidole vyembamba vinachomoza na kupapasa, vingine vinanywea, na neva yote inaelekea pale vidole vilipopata pa kushika. Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890 kutokana na viinitete vya kuku, naye alikuwa na seli zilizokufa na kutiwa rangi tu.

Vidole hivyo ni nyuzi za aktini, sehemu ya kiunzi cha seli. Hujengwa na kubomolewa kwa amri ya protini ndogo zinazowashwa na kuzimwa kama swichi. Rac1 na Cdc42 zikiwashwa, ncha husonga mbele. RhoA ikiwashwa, nyuzi hukazwa na ncha hunywea.

Ndiyo maana RhoA imeitwa breki, na wanaoiita hivyo wana hoja nzito. Oligofrenini-1 ni protini ya kuizima RhoA. Jeni yake ikiharibika, mtoto hupata ulemavu wa akili. Hilo lilielezwa mwaka 1998. Breki isiyoachia inadhuru kweli.

Basi kwa nini isiondolewe kwa walioumia uti wa mgongo, ambao neva zao hazioti tena? Dawa ya VX-210, iliyotokana na kimeng'enya cha bakteria, ilibuniwa kuizima RhoA. Madaktari waliipaka juu ya utando wa uti wa mgongo wakati wa kuwapasua watu walioumia shingo. Jaribio likasitishwa, kwa kuwa manufaa hayakuonekana.

Wapo wanaoona kwamba njia hiyo imefungwa. Mimi sikubali, na sababu yangu ni panya. Mwaka 2012 watafiti waliiondoa RhoA kwenye gamba la ubongo wa panya lililokuwa likikua. Seli nyingi za neva zilikwama chini, zikafanya tabaka la pili. Lakini seli hizohizo zisizo na RhoA, zikiwa ndani ya ubongo usio na kasoro, zilisafiri vizuri tu. Zilizoharibika ni seli jirani, zile ambazo neva changa hupanda nyuzi zake ndefu kama mkwezi apandavyo mnazi. Mkwezi alikuwa mzima. Mnazi ndio uliovunjika.

Mwaka 2021 jambo hilohilo likaonekana kwenye jeraha. RhoA ilipoondolewa ndani ya neva peke yake, neva za panya ziliota upya. Ilipoondolewa kwenye astrositi, seli zinazozizunguka neva, astrositi hizo zilichachamaa na kuzuia uotaji.

Kwa hiyo kila upande umeshika kweli yake: ndani ya neva RhoA ni breki, kwa jirani ni nguzo. Dawa ya kupaka haichagui. Inazima kote kote. Ninachokitaka kijaribiwe ni dawa inayoingia ndani ya neva na kuziacha astrositi na RhoA yao.