Saa Iliyo Ukutani: Tamthilia za Televisheni na Hospitali za Wagonjwa wa Akili

Mtu aliyeijua hospitali ya wagonjwa wa akili kupitia televisheni pekee huijua kwa alama zilezile: ukumbi mrefu wenye giza, taa inayopepesa, mlango wa chuma, na kilio kutoka chumba cha mwisho. Wapo wanaosema kwamba picha hiyo ni kashfa kwa wagonjwa na wauguzi, na kwamba humfanya mtu mwenye sonona aogope kumwona daktari. Wengine hujibu kwamba tamthilia si somo la uuguzi, na kwamba mtunzi akilazimishwa kuombea kila onyesho kibali cha daktari, kitakachobaki ni tangazo la wizara ya afya. Kila upande una hoja nzito, lakini naona wote wamelitazama jengo na kuisahau saa iliyo ukutani, yaani wakati.

Tuanze kwa kuwatendea haki watunzi wa giza, maana hawakulibuni. Mwaka 1887, mwandishi wa habari Nellie Bly alijifanya mgonjwa, akalazwa siku 10 katika hospitali ya wanawake kwenye kisiwa cha Blackwell, New York, na alipotoka akaandika juu ya maji ya baridi kali waliyoogeshwa wagonjwa na chakula kisicholika. Mwaka 1949, daktari Mreno Egas Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ndani ya ubongo, upasuaji uliowaacha watu wengi wakiwa magofu. Na mwaka 1972 kamera za televisheni ziliingia Willowbrook, taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili, pia New York, zikawaonyesha Wamarekani watoto wenye ulemavu wa akili wakiwa uchi na wachafu, bila mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo msimu wa pili wa tamthilia ya kutisha ya American Horror Story, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2012, unapomfungia mwandishi wa habari ndani ya hospitali aliyokwenda kuichunguza mwaka 1964, hausemi uongo mtupu. Kasoro ni kwamba ukweli huo umechanganywa na mashetani na viumbe kutoka sayari nyingine, hata mtazamaji hawezi tena kutenga ushahidi na kitisho.

Hapo ndipo suala la wakati linapoingia. Giza la zamani huonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji hulichukua kuwa la leo, na mfano ulio wazi zaidi ni matibabu ya mshtuko wa umeme. Yalipoanza Roma mwaka 1938, mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi, na mwili ulirushwarushwa hata mifupa ikaweza kuvunjika. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, na anayesimama kando ya kitanda huenda asione zaidi ya vidole vya mguu vikitikisika. Matibabu hayo hutumika hasa kwa sonona kali isiyosikia dawa, na hasara yake inayojulikana zaidi ni kupotewa na kumbukumbu, jambo ambalo kwa wengine si dogo. Hata hivyo, mikanda ya kumfungia mgonjwa na kelele za zamani havijaondoka kwenye skrini, kwa sababu kidole kinachotikisika hakimkalishi mtu kwenye kiti.

Homeland, tamthilia ya kijasusi ya Marekani, ilijaribu njia nyingine. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, mwaka 2011, Carrie Mathison, jasusi mwenye ugonjwa wa baipola, unaomrusha mtu kati ya kasi ya akili na sonona, anayaomba matibabu hayo mwenyewe, kwa hiari, na hilo peke yake lilikuwa hatua. Lakini tamthilia hiyohiyo, katika msimu wa 5, inamfanya aache dawa makusudi ili akili yake ienende mbio na kumtambua adui. Mtetezi atasema kwamba wagonjwa wengi kweli huzikosa siku za kasi hiyo na hushawishika kuacha dawa. Ni kweli, na mhusika analipa gharama. Mimi bado naona mwandishi amekula pande zote mbili, maana ugonjwa unaomwangamiza Carrie ndio pia unaosukuma hadithi mbele.

Swali la madhara lina uzito zaidi pale tamthilia inapogusa kujiua, na hapa kuna takwimu. Baada ya sehemu moja ya tamthilia ya hospitali ya Uingereza, Casualty, kumwonyesha mwaka 1996 mhusika aliyejidhuru, watafiti walikuta kwamba waliofika hospitalini kwa kujidhuru kwa njia hiyo waliongezeka kwa asilimia 17 katika wiki iliyofuata. Kuhusu 13 Reasons Why ya mwaka 2017, mambo hayako wazi hivyo: utafiti mmoja ulihusisha tamthilia hiyo na ongezeko la vifo vya vijana nchini Marekani, na uchambuzi wa baadaye wa takwimu zilezile, uliozingatia kwamba vifo hivyo vilikuwa tayari vinapanda, ukautilia shaka uhusiano huo. Netflix ililiondoa onyesho lenyewe la kujiua Julai 2019, na hadithi haikupungukiwa na kitu. Anayeogopa kwamba tahadhari itaua sanaa na atafakari hilo.

Mfano ninaoutetea, japo si kikamilifu, unatoka Korea Kusini. Daily Dose of Sunshine (2023) inamfuata muuguzi Jung Da-eun anayehamishiwa wodi ya magonjwa ya akili. Wodi hiyo haina mapazia, kwa usalama wa wagonjwa, na ndiyo maana asubuhi hufika humo mapema kuliko wodi nyingine. Jambo dogo la namna hiyo huandikwa na mtu anayeijua kazi. Wakosoaji wana haki kusema kwamba wodi ni safi mno, wauguzi wana muda usiokwisha wa kusikiliza, na mapenzi yanajipenyeza mahali yasipohitajika. Lakini sehemu 12 zimewapa watunzi kitu ambacho onyesho moja la kutisha halikipati, yaani muda. Da-eun mwenyewe anaanguka kwenye sonona, analazwa, anakataa kwamba ni mgonjwa, anapona polepole mno kwa mtazamaji mwenye haraka, kisha anarudi kazini. Na anaporudi, ndugu za wagonjwa wanapinga, hawataki muuguzi aliyewahi kulazwa awahudumie watu wao. Ni watu wa kawaida, wenye hofu inayoeleweka, na mtazamaji aliyemlilia Da-eun sehemu kadhaa nyuma anasikia katika midomo yao maneno ambayo huenda naye amewahi kuyasema.