Maonyesho ya majalada

Mwalimu mmoja mstaafu tunayekaa naye barazani jioni ana jina lake la ile desturi ya wasomaji kuulizana "unasoma nini sasa?" na kujibizana kwa picha na orodha. Anaiita maonyesho ya majalada. Kwake yeye, mtu anayesoma kweli hana haja ya kusema: husoma, akafunga kitabu, akalala. Anayepiga picha ya kitabu kando ya kikombe cha kahawa, anasema, kahawa itakwisha na kitabu kitabaki ukurasa wa nne.

Maneno yake si ya kupuuza, na hayuko peke yake. Wapo wanaolalamika kwamba orodha hizo zinafanana kama sare za shule, kitabu kimoja kikivuma kila mtu anacho. Wapo wanaoudhika kwamba zikifika riwaya za kisayansi, saifai kama vijana wanavyoziita, majina yote ni ya Kiingereza, na Kiswahili kimesimama mlangoni kama mgeni asiyealikwa. Kisha kuna kilio cha waandishi na wachapishaji, ambacho ndicho kizito kuliko vyote: kitabu kikisifiwa asubuhi, adhuhuri haijafika mtu ameshauliza "nani ana PDF?" na jua likitua nakala ya wizi imo katika simu za watu chungu nzima. Hilo sina la kulitetea. Mtu aliyesifiwa kisha akaibiwa hakupata sifa.

Lakini mwalimu amesahau bei. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT nchini Kenya iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16. Takwimu hii huwa tunaitaja haraka na kuendelea na mengine. Mimi nimekaa nayo, pengine kupita kiasi. Nunua vitabu sita vya bei moja, kisha jumlisha kodi peke yake: ni asilimia 96 ya bei ya kitabu kimoja kabla ya kodi. Yaani kitabu cha saba umekilipia, ila hukupewa. Anayenunua sita kwa mwezi atanung'unika na kurudi dukani. Anayenunua sita kwa miaka mitatu, na hao ndio wengi ninaowajua, ana kitabu kimoja kila nusu mwaka. Huyo akinunua kibaya, nusu mwaka wake wa kusoma umekwenda. Hawezi kubahatisha. Ndiyo maana hupita kwanza kwenye maduka ya inama ya Nairobi, yale ya vitabu vilivyotandazwa kando ya njia mpaka mteja ainame kuchagua. Huko saifai za mitumba hazikosekani, majalada yana roketi na miezi miwili angani, na muuzaji, hata awe mwema vipi, hakuzisoma zote amwambie ipi ina hadithi na ipi ni roketi tu. Gazeti nalo likichambua kitabu cha Kiswahili, mara nyingi ni kitabu teule kinachongojwa na mtihani.

Sasa amuulize nani, kama si msomaji mwenzake?

Na katika swali hilo, neno ninaloliona zito ni hilo "sasa". Mhakiki ameshamaliza kitabu, ameshatulia, anatoa hukumu. Aliye katikati hana hukumu bado. Anasema, "niko ukurasa wa 140, nusura nikitupe nilipofika wa 60, sasa silali." Huo ni ushahidi, na kwa saifai unafaa kuliko uhakiki, kwa sababu vitabu hivi vina tabia ya kumtesa msomaji mwanzoni: majina yasiyotamkika, sheria za ulimwengu ambao hakuna aliyekuelezea, vita ambavyo hujui vya nani na nani. Msomaji akiwa peke yake hudhani ujinga ni wake. Chukua The Three-Body Problem ya Liu Cixin, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2014 na mwaka uliofuata ikawa riwaya ya kwanza ya tafsiri kupata Hugo, tuzo kubwa ya saifai. Anayeifungua akitafuta viumbe wa sayari nyingine anakutana na China ya Mapinduzi ya Utamaduni, na mwanafizikia akipigwa hadharani hadi kufa, binti yake akitazama. Asiyeonywa huifunga akadhani ameuziwa kitabu cha historia. Aliyeambiwa na mwenzake "vumilia, hao unaowangoja wanakuja, na huyo binti usimsahau" anafika.

Kuhusu Kiingereza, naona lawama imemwangukia asiyehusika. Msomaji hutaja alichokipata. Tena wakati mwingine ni Kiswahili chenyewe kilichomvuta: wapo waliochukua Binti ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, kwa ajili ya jina tu, wakakuta msichana wa Kihimba, watu wa Namibia, aliyetoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Hakuna mahali pa kumcheka mtu hapo.

Na ni katika kutajiana huku huku ndipo inapojibiwa ile kauli kwamba Kiswahili hakina saifai. Mimi Walenisi ya Katama Mkangi sikuionyeshwa na duka. Mtu aliulizwa anasoma nini, akajibu kwamba anasoma habari za Dzombo, mshtakiwa aliyefungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani iwe ndiyo adhabu yake ya kifo, naye badala ya kufa akajifunza kukiendesha, akatua katika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa pwani ya Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, na chombo kile ukikisoma huku unalijua hilo, kinakuwa kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimesoma saifai za kigeni kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba hii ipo.

Wapo watakaosema Walenisi ni siasa iliyovaa kofia ya rubani. Sawa, lakini ni saifai gani iliyo nzuri isiyo na siasa chini ya kofia? Wakienda mbali zaidi, wakakataa kuiita saifai Kusadikika ya Shaaban Robert, hapo nitawaunga mkono: ni nchi iliyo hewani, ya mwaka 1951, ila haina mtambo wala hesabu, na mwandishi hakutaka tujiulize inaelea vipi. Hata hivyo naipenda kwa jambo moja linalohusu mjadala wetu. Karama, akijitetea mbele ya mfalme, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hadi mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na habari za nchi nyingine na mambo mema ya kuigwa. Kila mmoja alitiwa gerezani.

Nilimsomea mwalimu sehemu hiyo. Alitabasamu, akasema wajumbe wale walikwenda kweli, hawakupiga picha mlangoni wakarudi. Hapo alinipata, kwa maana wapo wa mlangoni na ninawajua. Nikamwambia kwamba hata huyo wa ukurasa wa nne amenitajia jina la kitabu, na jina nikishalijua naweza kwenda maktaba kuliulizia. Kitabu chenyewe hakitajali nani alinitangulia kukifungua.

Hatukupatana. Lakini kabla hajaondoka aliuliza, huku akitafuta viatu vyake kana kwamba swali halina uzito, ile Walenisi ina kurasa ngapi na kama ninayo nyumbani. Ninayo, ila si yangu, na mwenyewe anaitaka Ijumaa. Niko ukurasa wa 61, ninairudia mara ya tatu. Mwalimu ameambiwa asubiri foleni.