Gravity: hofu isiyo na kelele

Nimekulia kwenye vibanda umiza. Huko muvi isiyo na milipuko ilikuwa hasara ya kiingilio, na mwigizaji akinyamaza kidogo tu, DJ anayetafsiri alijaza nafasi kwa maneno yake. Labda ndiyo maana Gravity, filamu ya Alfonso Cuarón ya mwaka 2013, ilinishika vibaya. Humo vyombo vya anga vinasambaratika mbele ya macho yako na husikii kishindo.

Kule juu hakuna hewa ya kubeba sauti, na Cuarón ameliheshimu hilo. Mabaki ya setilaiti iliyolipuliwa yanapofumua kila kitu na paneli za sola kuchanika kama karatasi, unachosikia ni pumzi ya Sandra Bullock ndani ya kofia, mtetemo wa anachokigusa, na muziki wa Steven Price unaopanda, unapanda, halafu unakatika ghafla.

Na nyuma ya yote hayo ipo Dunia. Kwa takriban dakika 13 za mwanzo kamera ya Emmanuel Lubezki inaelea bila picha kukatwa, ikiwazunguka wanaanga wanaotengeneza darubini ya Hubble huku wakipiga stori redioni. Macho yanazoea uzuri. Kisha Dkt. Stone, yaani Bullock, anarushwa, anabiringika gizani, na kila akigeuka, ile buluu inapita kwenye kioo cha kofia yake, haina habari naye. Jua linachomoza kwa madaha mtu akihesabu hewa iliyobaki. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna ile.

Vifusi vinarudi kila baada ya dakika 90. Filamu yenyewe ina dakika 91, kwa hiyo na wewe unajikuta unaangalia saa. (Tusidhani ni hadithi tupu: Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilidondoka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu Kenya.)

Kijiweni tuliapa kwamba steringi hafi. Mwangalie George Clooney, mwanaanga mwenzake Stone, anavyofungua kamba inayowaunganisha, kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda dukani.

Wajuzi wana kesi zao. Hubble na kituo cha kimataifa cha anga haviko kwenye njia moja, huwezi kuhama huku kwenda kule kwa mkoba wa gesi mgongoni. Chozi nalo halielei, hung'ang'ania jichoni. Sawa, nimekubali. Lile chozi bado nalipenda.

Ila usiitazame kwenye simu. Zima taa, tafuta skrini kubwa, vaa spika za masikioni, uvumilie hadi ziwani, chura anapopita majini na mwanamke anajikokota ufukweni. Anakamata tope kwa kiganja, anasema asante. Anajaribu kusimama, miguu inakataa.