Beji ya Titanium haijanishawishi

Pawasaplai, kile kiboksi kinachogawia kompyuta umeme, ya wati 1000, daraja la Titanium, zile za bei mbaya. Nimekaa nayo mwezi mzima ndani ya kompyuta yangu ya mezani. Nilipoitoa kwenye boksi, mkono ulishuka kidogo kwa uzito. Kuna mafundi wanaohukumu pawasaplai kwa kuibeba tu, na zamani nilikuwa nawacheka. Siku hizi siwacheki sana, maana transfoma yenye nyama, mabamba ya kupozea na kapasita (vihifadhi umeme) kubwa havikosi uzito. Ila uzito nao unaghushiwa: wapo waliofungua pawasaplai za ovyo wakakuta kipande cha chuma kimewekwa humo kuongeza kilo tu.

Beji basi. Mpango wa 80 PLUS ulianza mwaka 2004, na leo maboksi mengi yana nembo yake: Bronze, Silver, Gold, Platinum, hadi Titanium. Watu wanaisoma kama cheti cha ubora, lakini kinachopimwa pale ni ufanisi, yaani kati ya umeme uliotoka ukutani, kiasi gani kimefika kwenye vifaa na kiasi gani kimepotea kama joto. Kwa umeme wa volti 115, mzigo ukiwa nusu, Gold inatakiwa ifikishe asilimia 90 na Titanium asilimia 94.

Tupige hesabu. Kompyuta inayokula wati 400 itavuta ukutani wati 444 ikiwa na Gold, na 425 na ushee ikiwa na Titanium. Tofauti ni kama wati 19. Ukicheza saa nne kila siku, mwaka mzima umeokoa yuniti 27 na kidogo. Ndiyo hiyo tu. Mwenye mashine isiyolala usiku na mchana anafika yuniti 165, huyo namwelewa. Mimi na wewe tunaozima tukienda kulala, hiyo bei ya ziada hatutaiona ikirudi.

Tena vipimo vyenyewe hufanywa kwenye joto la nyuzi 23. Ndani ya kasha lenye kadi ya michoro iliyochemka, pawasaplai haijawahi kuyaona hayo mazingira.

Nina sababu ya kuinunia beji. Kabla ya hii nilikuwa na ya wati 650, Gold, ya kampuni ambayo sitaitaja. Nilipobadilisha kadi ya michoro, mashine ikaanza kuzima katikati ya mchezo. Pap! Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna kuganda, feni zote zinasimama kwa pamoja na chumba kinakuwa kimya. Nikabadilisha RAM. Nikapiga Windows upya mara mbili. Nikamshuku hadi prosesa wa watu asiye na hatia. Kifaa cha kupimia ukutani kilikuwa kinasoma wati 420, nikajiambia kwenye 650 kuna nafasi tele.

Kumbe kile kifaa kinasoma wastani. Kadi za kisasa zinaruka: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta umeme mwingi kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi lao, halafu zinatulia kabla kipimo hakijastuka. Pawasaplai yangu iliona ule mruko, ikadhani kuna hatari, ikajizima. Kwa maana fulani ilifanya kazi yake. Mwaka 2022 kanuni za ATX 3.0, zinazoongoza utengenezaji wa pawasaplai za kompyuta za mezani, zilikuja na dawa ya jambo hili: pawasaplai kubwa zenye soketi mpya ya kadi lazima zistahimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wao kwa maikrosekunde 100 bila kuzima. Beji ya Gold haikuwa na neno lolote kuhusu hilo, na ya Titanium pia haina.

Kwa hiyo kwenye hii mpya nilikwenda moja kwa moja kwenye mambo ambayo beji haiyagusi. Mirindimo kwenye laini ya volti 12, yaani volti kupanda na kushuka kidogo kidogo, kwa mfano. Kanuni inaruhusu milivolti 120, lakini pawasaplai nzuri hukaa chini ya 30, na huo utulivu ndio unaopunguzia kapasita za madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kazi. Jingine ni muda wa kushikilia umeme ukipepesa. Kwa miaka mingi ATX ilitaka milisekunde 16, na hizo ndizo zinazoipa UPS (betri ya akiba) nafasi ya kuamka kabla kompyuta haijafa. Nimechomoa plagi ya UPS ukutani mara sita nikiwa kazini, na kompyuta haikutikisika hata mara moja. Hapo nikaanza kuiheshimu.

Soketi ya kadi ni ile ya pini 16, inayobeba hadi wati 600. Ya kwanza, 12VHPWR, ilijipatia jina baya mwaka 2022 pale viunganishi vya baadhi ya kadi za michoro za Nvidia RTX 4090 vilipoanza kuyeyuka. Iliyofuata, 12V-2x6, ina pini za kuhisi zilizofupishwa, ili kebo isipozama vizuri kadi isivute umeme mwingi. Hata hivyo mimi bado nainama na tochi, nasukuma mpaka nisikie kitu kimenasa, halafu navuta kidogo kuhakikisha. Na kebo za pawasaplai ya zamani usizihamishie kwenye mpya hata kama zinaingia, kwa sababu mpangilio wa nyaya upande wa pawasaplai kila kampuni ina wake. Kosa hilo linaua diski kabla hujamaliza kuwasha.

Kelele? Feni haizunguki kabisa mzigo ukiwa mdogo. Uzuri huo ukaniletea kero nyingine: sasa nasikia koili za kadi ya michoro zikilia kama mbu.

Ningekuwa nanunua leo kwa pesa yangu, ningechukua Gold ya wati 850 inayofuata ATX 3.1, yenye kapasita zinazostahimili joto la nyuzi 105 na waranti ya miaka 10, iliyowahi kupimwa na mtu mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme. Pesa inayobaki ingekwenda kwenye UPS.