Simba mwenye vimelea si lazima awe mgonjwa

Madereva wa utalii wanaopeleka wageni Tsavo Mashariki kutoka Mombasa wana hoja isiyopingika kirahisi: simba ndio riziki yao. Wakisikia damu ya simba imepimwa ikakutwa na vimelea au virusi, husema madaktari watumwe wakawachome dawa, tena upesi. Wengine hujibu: waacheni. Jibu hilo huchukuliwa kuwa uvivu, au roho mbaya.

Si uvivu. Damu ya simba wa porini ni nadra kuwa safi. Serengeti, karibu kila simba mzima ana virusi vya jamii ya ukimwi wa paka (havimwingii binadamu, wenye hofu watulie), na wengi huishi navyo wakiwinda na kuzaa. Babesia nayo, kimelea kinacholetwa na kupe na kuvunja chembe nyekundu za damu, imo mwilini mwao miaka nenda miaka rudi bila kishindo.

Basi 1994 ilikuwaje? Mwaka ule Serengeti ilipoteza simba wapatao 1,000 kati ya 3,000, na lawama zikaangukia distempa, maradhi ya mbwa. Hapa ndipo ningependa mtu atue kidogo. Sampuli za damu za miaka mingi zilipochunguzwa, ilibainika kwamba distempa ilishawapitia simba wa Serengeti na Ngorongoro angalau mara 5 nyingine bila kuacha mizoga. Maradhi yaleyale, pori lilelile, wala hakuna aliyegutuka! Kilichozidi 1994 ni ukame wa 1993. Nyati walikonda, wakajaa kupe, wakafa kwa wingi. Simba wakawala, na kupe wakahamia kwao. Babesia ikapanda kwenye damu kupita kiasi, wakati distempa imeshalegeza kinga ya mwili. Ngorongoro mambo yakawa hayo hayo 2001, baada ya ukame wa 2000. Anayepima damu bila kuuliza habari za mvua atamkamata mshtakiwa mmoja na kuwaacha wenzake.

Wanaotaka dawa wana mfano wao, nao ni mzuri. Florida, Marekani, kati ya 2002 na 2004, virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka viliwaingia puma wa huko, paka wakubwa wa porini, na 5 wakafa. Puma hao walikuwa takriban 100 tu, na virusi vilitoka kwa paka wa majumbani. Walikamatwa wakachanjwa, na ilistahili.

Lakini Kenya ilihesabu simba zaidi ya 2,500 mwaka 2021, na Tsavo si kijipande cha msitu. Utamlaza simba usingizi kwa sindano, hatari yake ikiwemo, umtibu, kisha azinduke katika majani yaleyale yenye kupe. Kuchanja mbwa wa vijijini kuna maana zaidi, ingawa Serengeti chanjo ilipunguza distempa kwa mbwa bila kuimaliza kwa simba, maana wanyama wengine nao huibeba.

Ukame ukishika Tsavo, wa kutazamwa kwanza ni nyati, na madereva hao hao ndio wanaopita njia zile kila siku. Nyati aliyekonda, masikio yamejaa kupe, na aripotiwe kwa walinzi wa mbuga hata kama wageni garini wanauliza simba tu.