Filamu za kutisha zinazorudiwa: mashabiki wanalinda nini?

Nosferatu ya Robert Eggers, filamu ya mnyonya damu, ilipotoka mwishoni mwa 2024, kuna mashabiki waliouliza swali lilelile la siku zote: kwani hadithi zimeisha duniani? Filamu ya 1922, ambayo Werner Herzog alishairudia 1979, ya nini kuigusa tena? Malalamiko hayo nayaelewa, ila yana kichekesho ndani yake. Hiyo ya 1922, ya F. W. Murnau, inayolindwa kwa wivu kiasi hicho ilichotwa bila ruhusa kutoka Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Dracula alibatizwa Orlok, mambo mawili matatu yakabadilishwa, wakadhani yamekwisha. Mjane wa Stoker, Florence, aliwafikisha mahakamani, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Tunaitazama leo kwa sababu chache zilisalimika.

Kwa hiyo hoja ya "iacheni ya kwanza ilivyo" haisimami peke yake, maana hiyo ya kwanza mara nyingi nayo ina baba mwingine. Hata hivyo wanaoitoa hoja hiyo si wazee wa "ya kale dhahabu" tu. Wana mambo mawili ya msingi.

La kwanza ni kwamba hofu haifanani na mapenzi. Filamu ya mapenzi unaweza kuiona mara kumi, unajua kabisa watafunga ndoa, na bado ukafurahia. Hofu hutegemea usichokijua. Ukishamfahamu aliye nyuma ya mlango, mlango ule hauna kazi tena. Mwongozaji anayerudia filamu ya kutisha anakutana na mtazamaji ambaye tayari ameushika mlango wenyewe, na hapo njia rahisi huwa ni kuongeza damu na kelele. Mashabiki wameiona njia hiyo mara nyingi mno.

La pili ni pesa. The Ring ya Gore Verbinski, iliyotoka 2002, iliingiza karibu dola milioni 250 duniani kote. Ilitokana na Ringu ya Hideo Nakata ya 1998, iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991. Baada ya hapo Hollywood ilikwenda Asia kama kwenye gulio: The Grudge 2004, Dark Water 2005, Pulse 2006, kisha mwaka 2008 peke yake The Eye, Shutter na One Missed Call. Kufikia hapo mzimu wa msichana mwenye nywele usoni ulikuwa umeshazoeleka, hautishi mtu. Na kinachowaudhi mashabiki wa kazi za asili ni kwamba nyingi kati ya zile za Kijapani zilikuwa zipo, nzima, zingeweza kuonyeshwa kwa maandishi ya tafsiri chini. Let the Right One In ya Sweden ilitoka 2008. Miaka miwili tu baadaye Let Me In ikawa tayari Marekani. Hapo huwezi kusema filamu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa inasema Kiswidi, basi.

Lakini shabiki akipewa anachokidai, yaani uaminifu kamili, hutokea nini? Jaribio hilo lilishafanyika. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, muziki uleule wa Bernard Herrmann, tofauti kubwa ikiwa rangi na waigizaji. Iliambulia tuzo za Razzie, zile za kuzomea kazi mbovu, moja ya urudiaji mbaya na nyingine ya uongozaji mbaya. Hakuna kilichovunjwa katika filamu ile, ila hofu haikuwemo. Binafsi naona ndiyo filamu yenye manufaa makubwa katika mjadala huu wote, kwa sababu inaonyesha kwamba kosa la urudiaji si lazima liwe usaliti. Kunakili kwa unyenyekevu nako huua.

Sasa ziangalie zilizofaulu. The Thing ya John Carpenter, 1982, iliiacha filamu ya 1951 na kurudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya 1938, ambamo kiumbe hujigeuza kuwa yeyote. Filamu ya 1951 ilikuwa na jitu la kukimbizana nalo. Ya Carpenter ina wanaume wamefungiwa kwenye barafu, hakuna anayejua mwenzake bado ni mwenzake. Ilitoka mwezi mmoja na E.T., filamu ya mgeni mpole kutoka sayari nyingine, watazamaji wakampendelea huyo, wahakiki wakaitukana, na haikupata pesa za maana. Leo orodha nyingi za filamu bora za kutisha haziikosi. Miaka minne baadaye David Cronenberg akaichukua The Fly ya 1958, ambamo mwanasayansi anatoka kwenye mashine na kichwa cha inzi, akaifanya iwe ya mwili unaooza polepole mbele ya mpenzi wake. Wa 1958 alibadilika ghafla. Huyu anabadilika kama mgonjwa. Waliompamba mwigizaji walipata Oscar.

Zote mbili zinafanana kwa jambo moja: ziliuliza hofu ya hadithi ile inakaa wapi hasa, zikaihamishia mahali ambapo watazamaji wapya wangeikuta ikiwasubiri. Kwangu hicho ndicho kipimo, na uaminifu kwa ya kwanza hauingii humo kabisa.

Mfano mzuri kuliko yote sikuupata Hollywood, ingawa mabishano ya mashabiki huishia hukohuko. Uko India, na sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunaujua bila kujua kwamba tunaujua. Manichitrathazhu, filamu ya 1993 ya Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala kusini mwa India, ina mke anayevamiwa, au anayeonekana kuvamiwa, na mcheza ngoma aliyeuawa zamani katika jumba la ukoo. Kisha anakuja daktari wa akili. Imerudiwa kwa Kikannada 2004, kwa Kitamil 2005 kama Chandramukhi, na kwa Kihindi 2007 kama Bhool Bhulaiyaa, ambayo ndiyo iliyofika kwenye televisheni na flashi za huku kwetu. Tazama walichofanya na mzimu. Katika ya Kimalayalam mcheza ngoma ni Mtamil. Watamil walipoichukua wakamfanya Mtelugu. Wahindi wa kaskazini wakamfanya Mbengali. Kila waliporudia, mzimu ulihama na kuwa wa jirani. Yule mke mpole, akishikwa, anafoka kwa lugha ya watu wengine, na mumewe anabaki ameduwaa. Mifupa ya hadithi haijaguswa. Kilichobadilishwa ni sauti ambayo watu wa pale wangeisikia usiku na kushtuka. Mtu aliyetaka uaminifu wa neno kwa neno angeuacha mzimu uzungumze Kitamil mbele ya Watamil, na watu wangemwona kama shangazi yao.

Dar es Salaam ugomvi huu unachukua sura nyingine, kwa sababu hatukukutana na filamu hizi kwa mpangilio wa miaka yake. Wengi wetu tuliiona The Ring kabla ya kusikia kuna ya Kijapani, na kwetu ya Marekani ndiyo ya kwanza. Nimeshuhudia mabishano ambamo mtu anaitetea "orijino" kwa jasho, kumbe anachotetea ni alichokiona akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kwa mia mbili. Simcheki. Nadhani hata Marekani, ukichimba, hasira nyingi ziko hapohapo: shabiki hulinda usiku aliotishika.

Tena sisi tulikuwa na urudiaji wetu ambao hakuna aliyeulalamikia. Watafsiri wa filamu, akina Lufufu na DJ Mark, walikuwa wakiifunika filamu kwa sauti yao, wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanaongeza vichekesho na hata maonyo ambayo mwandishi hakuyaota. Kuna aliyeifananisha kazi hiyo na kugeuza mchele kuwa pilau. Kwa filamu za ngumi ilipendeza sana. Kwa za kutisha nina shaka. Hofu ya sinema huishi kwenye kimya, na mtafsiri hawezi kunyamaza, maana kunyamaza kwake ni kuacha kazi. Mzimu haujafika mlangoni, ameshautangaza. Kilichopatikana mle bandani kilikuwa kelele na kicheko cha watu wengi kwa pamoja, nacho ni raha kubwa, lakini si ile aliyoikusudia Nakata.

Halafu kuna riwaya. Stephen King hakuipenda The Shining aliyoifanya Stanley Kubrick mwaka 1980, na sababu yake ina uzito: katika kitabu chake cha 1977 baba wa familia inayolinda hoteli tupu ni mtu mwema anayeporomoka, katika filamu anaonekana kichaa tangu anapotafuta kazi. King akaandika mwenyewe mfululizo wa televisheni wa 1997, mwaminifu kwa kitabu. Mwenye haki ya hadithi alikuwa King, hilo sina ubishi. Lakini korido za hoteli zinazokumbukwa ni za Kubrick.

Haki, hata hivyo, tusiipite haraka, kwa kuwa hapa nyumbani ndipo panapouma. Filamu nyingi za Bongo zilikopa Nollywood na Hollywood bila kugonga hodi, wakati watayarishaji walewale wanalia kwamba kazi zao zinarudufiwa Kariakoo. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki Tanzania, imezaliwa humo. Anayetaka kurudia kazi ya mtu akaombe na alipe, na nasema hivyo nikijua kwamba Nosferatu ya 1922 isingekuwepo kama kanuni hiyo ingefuatwa. Faida tuliyopata sisi haimfuti mjane.

Ningependa kuona nini kikirudiwa hapa? Filamu za kutisha za Mussa Banzi za miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta. Zilichanganya mbinu za kigeni na viumbe vya masimulizi yetu, jina Nsyuka likitoka kwa Wanyakyusa na Shumileta ikiwa ya jini wa kike. Vijana wakiziona leo wanacheka, kwa sababu ya sauti na zile picha za kompyuta. Lakini wazo lililokosa vifaa ndilo linalostahili kurudiwa, kuliko filamu iliyokamilika ambayo mtu anaifuata kwa sababu ya jina lake. Mzimu ungetoka wapi, ndilo swali la mwandishi. Mjini tunawatania watu wa Sumbawanga na Tanga kwa uchawi, na kila mtayarishaji mvivu atakimbilia huko. Mimi ningemtoa kwenye nyumba ya kupanga ya Sinza, chumba ambacho dalali anakionyesha kwa haraka na kodi yake iko chini kuliko vyumba vya pembeni. Waliozipenda zile za zamani watakasirika, na wana haki. Waanze na swali la nani ana mkanda mama na nani wa kumwomba ruhusa.